Ruzuku ya Chung Ling: nani alikosea?

Katika barabara ya Kampung Baru, eneo la Air Itam kisiwani Penang, kuna sekondari mbili jirani zenye jina moja: Chung Ling. Ya kwanza, walimu wake hulipwa na serikali ya Malesia na wanafunzi wake hufanya mtihani wa taifa kwa Kimalei. Ya pili hujiendesha kwa ada na michango, hufundisha kwa Kimandarini, na wanafunzi wake hufanya mtihani uliotungwa na jumuiya ya Wachina yenyewe. Zote mbili zimetoka tumbo moja. Zilitengana kwa sababu ya ruzuku, na tangu hapo Wachina wa Malesia wamekuwa wakibishana: waliopokea fedha za serikali waliiuza shule au waliiokoa?

Mimi nadhani swali lenyewe limekaa upande. Ila kabla ya kusema kwa nini, inabidi turudi nyuma.

Chung Ling ilianza mwaka 1917 ikiwa shule ya msingi mjini George Town. Waanzilishi wake walikuwa wanachama wa Penang Philomatic Union, chama cha kusoma kilichoundwa mwaka 1908 na wafuasi wa Sun Yat-sen, mwanamapinduzi wa China aliyepigana na utawala wa kifalme. Sun mwenyewe alikutana na wenzake Penang Novemba 1910 kupanga maasi ya Guangzhou. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba siasa iliingia shuleni baadaye. Ilikuwapo tangu siku jengo lilipofunguliwa. Mwaka 1923 shule ikawa sekondari.

Kuna jambo moja ambalo watetezi wa "lugha ya mama" huliruka. Kimandarini hakikuwa lugha ya mama ya watoto wale. Nyumbani walisema Kihokkien, Kikantoni, Kihakka au Kiteochew, na shule za zamani za koo zilifundisha kwa lugha hizo hizo. Kimandarini walikikuta darasani, kama mtoto wa kijijini Usukumani anavyokikuta Kiswahili. Shule za aina ya Chung Ling ziliwachukua watoto ambao wazazi wao hawakuelewana sokoni, zikawapa lugha moja na kuwaambia kuwa wao ni watu wamoja. Miaka 30 na ushei baadaye, serikali ya taifa jipya ilitaka kufanya jambo lile lile kwa Kimalei. Wachina wa Penang walijua vizuri kuliko wengi kwamba jambo hilo linawezekana. Labda ndiyo maana liliwatia hofu kiasi kile.

Hofu hiyo ilikuwa na makovu nyuma yake. Jumuiya ya shule ilichangia China katika vita vyake dhidi ya Japani, na majeshi ya Japani yalipoiteka Penang Desemba 1941 yalikuja na kisasi. Katika kamatakamata iliyofuata waliuawa walimu na wanafunzi wa Chung Ling. Jumuiya iliyozika wanafunzi kwa ajili ya shule haiwezi kuzungumza juu ya shule hiyo kama mtu anayejadili bei ya mchele.

Vita vilipokwisha, vikaja vingine. Mwaka 1948 Waingereza walitangaza hali ya hatari dhidi ya wapiganaji wa kikomunisti walioingia msituni, wengi wao Wachina, na sekondari za Kichina zikaanza kutazamwa kama viota vya waasi. Mwaka 1951 ripoti ya Barnes, ya kamati iliyoundwa na serikali ya kikoloni, ilipendekeza shule za kila jamii zimezwe na shule za taifa za Kimalei na Kiingereza. Mwaka huo huo ripoti ya Fenn na Wu ikasimama kuzitetea shule za Kichina. Mkenya ataitambua picha hii bila kuelezwa: mwaka 1952, chini ya hali ya hatari nyingine ya Waingereza hao hao, shule huru za Wakikuyu zilifungwa pamoja na chuo cha ualimu cha Githunguri. Na mwaka huo huo wa 1952 mkuu wa shule ya Chung Ling, David Chen, aliuawa. Alikuwa mtu aliyekubali kukaa meza moja na serikali, na aliyetilia mkazo Kiingereza pamoja na Kichina.

Kwa hiyo Chung Ling ilipokubali ruzuku na masharti yake mwaka 1956, ikizitangulia sekondari nyingi za Kichina, uamuzi ule haukuwa wa watu waliolewa fedha. Hoja zao zilikuwa na uzito. Walimu walihitaji mshahara wa uhakika. Maabara ilihitaji vifaa. Mtoto wa mchuuzi au mvuvi alihitaji ada ambayo nyumba yake ingeimudu, na cheti ambacho mwajiri angekipokea. Zaidi ya hapo, uhuru ulikuwa mlangoni, ukaja Agosti 1957, na ilibidi mtu ajiulize: nchi itasimamaje ikiwa watoto wa Kimalei, Wachina na Wahindi watakua bila kuweza kuulizana hali?

Wanafunzi wengi hawakukubali. Kulikuwa na migomo shuleni mwaka 1956, na mwaka 1957 fukuto likaenea katika sekondari nyingine za Kichina.

Kisu kilifika mfupani mwaka 1961. Sheria mpya ya elimu iliziwekea sekondari za Kichina njia panda: fundisha kwa lugha rasmi, yaani Kiingereza au Kimalei, upate fedha, au baki na Kichina ujitegemee. Mitihani ya umma nayo ikawa ya lugha rasmi tu. Zaidi ya shule 50 zilichagua fedha. Mpinzani mkubwa alikuwa Lim Lian Geok, kiongozi wa chama cha walimu wa shule za Kichina, na hoja yake ni ya kuheshimiwa hata na asiyekubaliana naye: Wachina ni raia na walipa kodi, kwa hiyo ruzuku ni fedha yao inayorudi kwao. Haifai kugeuzwa chambo. Ruzuku inaweza kukatwa, alisema, lakini shule huru lazima ziendelee. Serikali ilianza kumvua uraia mwaka huo huo. Alifariki mwaka 1985 bila kurudishiwa.

Chung Ling ilifanya jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha historia yake. Mwaka 1962, baada ya shule kuu kwisha kugeuka, ilifunguliwa Chung Ling ya pili, ya binafsi. Mwanzoni haikuwa ngome ya utamaduni kama inavyosimuliwa leo. Shule za namna hiyo zilipokea watoto waliobaki nje: waliopita umri na walioshindwa mtihani wa kuingia. Kwa miaka kadhaa sekondari huru zilionekana kama mahali pa waliokosa pengine. Mambo yalibadilika mwaka 1973, vuguvugu la kuzifufua lilipoanzia jimbo la Perak, na mwaka 1975 mtihani wao wa pamoja, UEC, ulipofanywa kwa mara ya kwanza. Leo sekondari huru za Kichina ni takriban 60, na vyuo vikuu vya Singapore, Taiwan na kwingineko hupokea wahitimu wake.

Upande wa pili, waliochukua ruzuku walipatwa na jambo ambalo hawakulitarajia. Walikuwa wameachia Kichina ili wapate Kiingereza, lugha ya biashara na vyuo vya ng'ambo. Kuanzia mwaka 1970 serikali ikaanza kukiondoa Kiingereza darasani, mwaka mmoja baada ya mwingine, na kuweka Kimalei. Kichina kikabaki somo. Masharti yalibadilika wakati shule imekwisha kukabidhi kile ilichokuwa nacho. Hapa ndipo ninapokubaliana na Lim Lian Geok kwa moyo wote.

Lakini siwezi, nikiwa mtu wa Kiswahili, kuwacheka waliotaka Kimalei. Nacho kilikuwa lugha ya bandari na masoko, ya watu wa asili mbalimbali kuelewana, kabla hakijawa lugha ya serikali. Sisi tunajivunia kwamba Kiswahili kiliwafanya watu wa makabila zaidi ya 120 waitane ndugu. Tungewezaje kuwanyima Wamalesia haja hiyo hiyo? Na wao walikwenda mbali kuliko sisi: waliipeleka lugha yao mpaka sekondari na chuo kikuu, wakati Tanzania bado inafundisha sekondari kwa Kiingereza.

Tatizo langu ni kwamba lugha ilibadilishwa na lengo halikufikiwa. Sekondari zilizopokea ruzuku bado zina wanafunzi ambao kwa sehemu kubwa ni Wachina. Watoto hawakuchanganyika kwa sababu tu kitabu cha fizikia kimeandikwa kwa Kimalei. Kilichoweza kuwachanganya kilikuwa imani kwamba mlango wa mbele uko wazi kwa wote, na baada ya mwaka 1971 nafasi za vyuo vikuu vya umma zilianza kugawiwa kwa kuangalia asili ya mtu. Mwaka 1978 ombi la kuanzisha Chuo Kikuu cha Merdeka, ambacho kingefundisha kwa Kichina, lilikataliwa, na mwaka 1982 mahakama ikathibitisha uamuzi huo. Mzazi aliyefungiwa mlango wa mbele atatafuta wa nyuma. UEC ilikuwa mlango huo.

Sekondari huru nazo zina deni la kujibu. Ada inamchuja maskini, na maskini huyo mara nyingi ni Mchina mwenzao. Mtoto anaweza kukaa humo miaka sita bila rafiki hata mmoja wa Kimalei, na hilo haliponywi na alama nzuri za hesabu. Ila inafaa kukumbukwa kwamba katika shule za msingi za Kichina watoto wasio Wachina wameongezeka, kwa kuwa wazazi wao wanazipenda. Kumbe watu huchanganyika wanapovutwa na kitu kizuri.

Basi bodi ya mwaka 1956 siilaumu kwa kupokea fedha. Iliwalipa walimu na ikasomesha watoto wa maskini. Wanaoiita ya wasaliti wanasahau nani angelipia vitabu. Kosa ninaloliona ni kuikabidhi lugha ya kufundishia bila dhamana yoyote iliyoandikwa. Na bado, kama wote wangekubali, leo kusingekuwa na mwenye nguvu ya kuketi na serikali na kudai chochote. Kuwepo kwa ile Chung Ling ya pili kunailinda ya kwanza, hata kama wahitimu wa pande mbili hawapendi kulisikia.

Kinachobaki mezani ni cheti. Kwa miaka mingi serikali kuu iliikataa UEC kama sifa ya kuingia vyuo vya umma, na muungano ulioshinda uchaguzi wa 2018 uliahidi kuitambua ukashindwa kutimiza. Mimi ningeitambua kesho, kwa sharti moja: mhitimu afaulu Kimalei katika mtihani wa taifa, kwa kiwango kile kile anachodaiwa mwenzake wa shule jirani. Serikali ya jimbo la Sarawak imekwisha kuitambua UEC katika ngazi yake, na Kimalei bado kinasemwa Kuching, mji mkuu wa jimbo hilo.