Je, tunaisikia matatu au tunausikia mlio wake tu?

Mwaka 1713 mwanafalsafa wa Ireland, George Berkeley, alitoa hoja ambayo bado inawasumbua watu. Gari la farasi likipita barabarani, alisema, sikio hupokea mlio tu. Gari lenyewe hatulisikii. Tumezoea kwamba mlio wa namna ile huandamana na gari, ndipo tunasema tumelisikia. Ihamishie hoja hiyo Tom Mboya Street saa kumi na mbili jioni, na itabidi tukubali kwamba hakuna mkazi wa Nairobi aliyewahi kuisikia matatu. Tumesikia honi, besi ya muziki na makelele ya makanga, matatu tumeikisia.

Ni rahisi kuicheka, lakini mitaa yetu inaipa ushahidi ambao Berkeley mwenyewe hakuwa nao. Wachukue wauzaji wa dawa ya panya, mende na kunguni. Tangazo limerekodiwa, na kipaza sauti kinalirudia kutwa nzima bila kuchoka. Wewe uliye ghorofani unasema, "Yule jamaa wa dawa amefika." Kumbe jamaa yuko kibandani anakunywa chai, kipaza sauti amemwachia mwenzake. Sauti ni ile ile, mwenyewe hayupo. Basi mtu na sauti yake ni vitu viwili, na sikio, angesema Berkeley, limeshika kimoja tu.

Upande wa pili hupenda kumtaja Martin Heidegger, mwanafalsafa Mjerumani aliyeandika mwaka 1927 kwamba hatuanzi kwa kusikia kelele tupu. Tunasikia pikipiki, tunasikia mkokoteni. Kuisikia kelele kama kelele kunahitaji mtu ajilazimishe. Ni kweli kwamba ndivyo tunavyojiona, lakini kama hoja naiona dhaifu. Anayejua kusoma akiona neno CHOO mlangoni hujua papo hapo kilichomo ndani, na hakuna atakayesema amekiona choo kupitia ubao. Wepesi wa mazoea hauthibitishi kwamba kitu chenyewe kimefika kwenye hisi.

Hoja yenye uzito inapatikana Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali wanaofua mabati. Kitu kikigongwa hutetemeka kwa namna inayoamuliwa na ukubwa wake, ugumu wake, na kama kina uwazi ndani. Mtetemo huo ndio unaolifikia sikio. Kwa hiyo mlio haukubandikwa juu ya kitu na mazoea yetu. Kitu chenyewe ndicho kilichouunda. Wahenga waliosema debe tupu haliachi kuvuma walijua kwamba sikio hupata habari za ndani, mahali ambapo jicho haliingii. Mwaka 1761 daktari wa Vienna, Leopold Auenbrugger, alichapisha njia ya kugonga kifua cha mgonjwa ili kutambua kama kimejaa maji, na madaktari wanaitumia hadi leo. Mwaka 1984 watafiti William Warren na Robert Verbrugge waliwasikilizisha watu rekodi za chupa zinazoanguka, na wasikilizaji walitofautisha kwa urahisi iliyodunda na iliyovunjika. Kilichowaongoza hasa ni mpangilio wa vishindo katika muda: kimoja kinachorudi kwa utaratibu, au vipande vingi, kila kimoja na mwendo wake.

Ndiyo maana wanafalsafa Roberto Casati na Jérôme Dokic mwaka 1994, na baadaye Casey O'Callaghan, walitetea kwamba mlio ni tukio linalotokea pale pale kwenye kitu. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Hata jicho huona upande mmoja tu wa matatu, na hatusemi kwamba tumeona rangi yake halafu tukaikisia matatu. Lakini sikubali yote. Ukimpelekea fundi wa Kirinyaga Road gari linalolia, atasema ni beringi kabla hajafungua boneti. Chuma kinachosagana, na mlio unaopanda kadiri gurudumu linavyoenda kasi, hivyo amevisikia. Kwamba ni beringi, hilo amelileta kutoka kwenye miaka ya kazi. Sikio hutupa hali ya kitu na kinachokitokea; jina na aina yake hutoka kwingine, na hapo Berkeley anabaki na haki yake. Vivyo hivyo kwa muuza dawa: kipaza sauti umekisikia kweli, mtu ndiye uliyemkisia.

Jambo hili limeacha kuwa la vitabuni tangu bodaboda na mabasi ya umeme yaingie Nairobi. Injini haingurumi, na anayevuka barabara kwa fimbo nyeupe amepoteza alichokuwa akikitegemea. Umoja wa Ulaya ulianza Julai 2019 kulazimisha aina mpya za magari ya umeme kutoa mlio yakiwa kwenye mwendo wa chini, hadi kilomita 20 kwa saa. Mlio huo huchaguliwa na mhandisi, kwa hiyo ungedhani Berkeley ameshinda: ni ishara tupu, watu wataizoea. Ila kanuni hiyo haikuridhika na ishara yoyote ile. Inataka mlio ubadilike gari linapoongeza au kupunguza mwendo, ili anayesikiliza ajue gari linafanya nini wakati huo, wala si kwamba lipo tu.