Mpira wa Kurusha wa Iceland Si Aibu, Ila Usibaki Mikononi mwa Mtu Mmoja

Kila timu ya taifa ya wanawake ya Iceland inapoingia mashindano makubwa, lawama ni ileile: wanategemea mipira mirefu ya kurusha, eti hilo si soka. Siafiki hata kidogo. Sveindís Jane Jónsdóttir, binti wa Keflavík aliyekipiga Wolfsburg kabla ya kuhamia Angel City ya Marekani, akishaushika mpira pale mstari wa pembeni, mabeki wa timu kubwa huanza kugombezana nani amkabe nani. Nchi yenye watu wasiofika laki nne haina sababu ya kuionea haya silaha ya namna hiyo. Kasoro ninayoiona mimi ni kwamba silaha yenyewe imebebwa na mtu mmoja, na kazi inayofuata mpira ukishadondoka haijapewa uzito unaostahili.

Tuanze na vipimo. Uwanja wa kimataifa kwa kawaida una upana wa mita 68, na goli ni mita 7.32. Kutoka mstari wa pembeni hadi nguzo ya karibu, ukisimama usawa wa goli, ni mita 30 na ushee. Hadi ukingo wa boksi dogo ni takriban mita 25. Anayeweza kurusha umbali huo ameigeuza kila rusha ya theluthi ya mwisho kuwa kona. Mpinzani anayetaka kumbughudhi mrushaji anaruhusiwa kusogea hadi mita 2 tu, lakini kusogea huko hakumsaidii kitu ikiwa mpira unapita juu ya kichwa chake. Kuotea hakuhesabiwi mpira unapotoka moja kwa moja mikononi mwa mrushaji, hivyo mshambuliaji anaweza kusimama puani mwa kipa. Sharti ni kwamba lazima mtu auguse kwanza. Ukiingia wavuni bila kuguswa na yeyote, bao halihesabiwi, na kipa anaanzisha mpira golini.

Wengi hudhani siri iko mabegani. Nguvu inaanzia chini. Mrushaji huja kwa hatua chache za haraka, mguu wa mbele unakita chini kwa ghafla, mgongo unapinda nyuma, kisha kiwiliwili chote kinafyatuka na mikono inamalizia. Sehemu ya kila mguu lazima iwe chini, juu ya mstari au nyuma yake. Ncha ya kiatu ikiburuzwa ardhini inatosha, ikinyanyuka refa anawapa wapinzani. Mpira utoke nyuma ya kichwa kwa mikono yote miwili. Ukiachiwa mapema mno unapaa, unakaa hewani, na kipa anautokea na kuudaka bila shida. Ukiachiwa kwa kuchelewa kidogo unakwenda bapa na kwa kasi, ukitafuta kichwa kwenye nguzo ya karibu. Huo ndio mpira hatari. Mvua za Reykjavík huufanya uteleze mikononi, kwa hiyo kuufuta kabla ya kurusha ni sehemu ya kazi, si kupoteza muda.

Matunda yake yameonekana. Septemba 2020, kwenye uwanja wa taifa wa Laugardalsvöllur, Iceland ilitoka 1-1 na Sweden, na bao la Elín Metta Jensen lilitokana na rusha ndefu ya Sveindís, ambaye siku chache tu kabla alikuwa amecheza mechi yake ya kwanza ya taifa. Euro 2022, dhidi ya Italia, dakika ya 3: rusha, mabeki wakashindwa kuondoa, Karólína Lea Vilhjálmsdóttir akapachika. Itazame vizuri ile ya Italia. Bao halikuja kwa mguso wa kwanza, lilikuja kwa mpira wa pili.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Kidole kimoja hakivunji chawa. Rusha nyingi huondolewa kwa kichwa na beki wa kwanza, na kwa kuwa mpira wa kurusha hauna kasi ya kona iliyopigwa kwa mguu, kichwa hicho mara nyingi hakifiki mbali. Unadondoka pale pale ukingoni mwa eneo la penalti. Ningependa kuona wachezaji wawili wamesimama hapo kila mara, mmoja wa kupiga na mmoja wa kukata shambulizi la kushtukiza, kwa sababu Glódís Perla Viggósdóttir na beki mwenzake wa kati wamepanda mbele, na nyuma ni weupe.

Bila Glódís boksini, thamani ya rusha inashuka sana. Euro 2025 dhidi ya Finland aliugua na hakurudi kipindi cha pili, kisha Hildur Antonsdóttir akalambwa kadi nyekundu, na Finland ikashinda 1-0. Ukishabaki 10, unapeleka vichwa vingapi mbele?

Wapo wanaosema timu ijifunze kupiga pasi kwanza. Sawa, ijifunze. Lakini wachezaji wake wametawanyika Ujerumani, Italia, Sweden na Marekani, na kocha Þorsteinn Halldórsson huwapata kwa siku chache kabla ya mechi. Muunganiko wa pasi unahitaji miezi. Mpangilio wa rusha unaingia kwa mazoezi mawili. Nyumbani nako hali ya hewa haibembelezi. Oktoba 2025 mechi ya marudiano na Ireland Kaskazini ilisogezwa siku moja kwa sababu ya theluji, ikahamishiwa kwenye nyasi bandia za klabu ya Þróttur, na Iceland ikashinda 3-0.

Tena rusha ndefu si ya kushambulia tu. Septemba 2022 mjini Utrecht, sare dhidi ya Uholanzi ingewapeleka Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza katika historia yao. Esmee Brugts akafunga dakika za nyongeza. Wakaangukia mchujo, Ureno ikawapiga 4-1 baada ya muda wa ziada, na mpaka leo mashindano hayo hawajayaonja. Timu inayolinda sare inahitaji kuupeleka mchezo kwenye kona ya mpinzani na kuubakiza huko, na rusha ya karibu na bendera inafanya kazi hiyo vizuri kuliko pasi ya nyuma.

Kwa kufuzu Kombe la Dunia 2027, kundi lao lina Hispania, Uingereza na Ukraine. Dhidi ya Hispania, Iceland haitaumiliki mpira, na nafasi zitakuwa za kuhesabu. Ningetaka timu za vijana zianze sasa kuandaa mrushaji wa pili na wa tatu. Ningetaka pia rusha fupi ya hadaa, ile ya kumrushia mwenzako aliye mita 5 akurudishie, upige krosi wakati mabeki wote wamerundikana nguzo ya karibu.