Saa Haikuwa Yangu

Najua habari yangu ya mashindano ya chesi imeshawafikia. Toka jana usiku simu inalia tu, hadi mtu niliyemaliza naye shule miaka hiyo ananitumia picha ya saa ya ukutani na vikatuni vya kucheka, hakuna mambo, hakuna za siku. Kwa hiyo naomba niieleze mwenyewe, maana anayeisambaza (nitamwita Mnafiki, anajijua, na chaja yangu bado anayo) kaitia chumvi mpaka hailiki.

Mnafiki anasema nimepigwa chesi na mtoto wa darasa la tano. Anasema nimelia. Anasema refa kanitoa nje. Kulia sikulia, macho yalikuwa yanawasha, feni za ule ukumbi zina vumbi la toka enzi za mkoloni. Kutolewa sikutolewa, nilitoka kununua maji. La mtoto tutalifikia.

Sasa sikilizeni. Mi chesi naijua, ugonjwa wangu ni muda. Nipe gemu ya dakika tano kavu, yaani tano zako tano zangu hakuna nyongeza, hatua ya nne tu utanikuta nimeinamia ubao kama namchagulia farasi mchumba. Nikija kushtuka nina kete kibao, mpinzani yuko hoi, na mimi nimebakiza sekunde sita. Nimepoteza gemu nyingi sana za namna hiyo, na kila mara Mnafiki yuko pembeni anasema "ila ulikuwa unashinda eeh?" kwa ile sauti yake.

Nikasema hapana, najirekebisha. Wiki tatu nimepiga mazoezi kama naenda kucheza na Carlsen, yule gwiji wa chesi wa Norway. Kila usiku Lichess, ile tovuti ya kuchezea chesi, gemu za dakika moja moja hadi kidole kinauma. Nikaacha kujifanya najua namna zote za kufungua gemu, nikashika moja tu, ule mfumo wa London, askari d4 (herufi na namba ndiyo majina ya miraba ya ubao), askofu f4, askari e3, c3, farasi wote wawili nje, yaani hatua sita za kwanza nazicheza kabla hujamaliza kupiga chafya, mpinzani afanye chochote anachotaka. Nikajiwekea sheria, hakuna hatua ya kula zaidi ya sekunde kumi, ukiona hatua nzuri icheze, acha kutafuta iliyo nzuri zaidi. Na sheria kubwa kuliko zote, ambayo naomba muishike maana ndiyo iliyoniua: fikiria kwenye muda wa mpinzani. Yeye anawaza, saa yake inakimbia, na wewe unawaza bure.

Shida ya kucheza mtandaoni ni kwamba saa inajibonyeza yenyewe. Ukiachia kete tu, muda wa mwenzio unaanza kutembea. Kwenye ubao wa mbao hakuna huduma hiyo, usipobonyeza, muda unaokwisha ni wako, na mpinzani halazimiki kukukumbusha. Hilo nililijua, msinione mjinga. Nikapakua programu ya saa ya chesi kwenye simu, nikawa naweka ubao mezani nyumbani, simu mkono wa kulia, nacheza mwenyewe pande zote mbili, nasogeza, nabonyeza, nasogeza, nabonyeza. Mke wangu akawa anapita anatikisa kichwa. Baada ya wiki mbili mkono ulikuwa unakwenda kulia wenyewe bila kuniuliza.

Kulia. Kumbukeni hilo neno.

Jumamosi ikafika. Kiingilio elfu kumi, ukumbi wa juu huko Sinza, meza ndefu moja kama ya harusi, mbao zimepangwa mstari. Refa kaziweka saa zote upande mmoja ili azione vizuri akisimama. Kwa hiyo saa yangu ikawa kushoto kwangu. Na kulia kwangu, kwenye kiti cha pili, amekaa binti mdogo na kiremba cha pinki, miguu haigusi chini, na saa YAKE ndiyo ipo katikati yetu. Mbele yake kuna kaka mmoja wa tai, kakunja sura, maana kale katoto kalikuwa kanamtafuna taratibu.

Mbele yangu mzee. Kanzu, baraghashia, miwani kwenye ncha ya pua. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba, tukaanza.

Jamani, nilicheza. Mnafiki hili hasemi. London ilitoka kama maji ya bomba, yale ya bomba lenye maji lakini. Sheria ya chesi inasema mkono uliosogeza kete ndio huohuo unaobonyeza saa, kwa hiyo kila mara mkono wa kulia unasogeza, unavuka kifua, unabonyeza kushoto, unarudi. Mwanzoni nilikuwa nakumbuka. Nikamla mzee farasi, nikamla ngome, tukabadilishana vilivyobaki, mwisho mimi nina mfalme na malkia, yeye ana mfalme kajibanza kwenye g8 na kiaskari kimoja huko a7 ambacho toka asubuhi hakijasogea.

Kile kiaskari nilikiacha makusudi. Mnaocheza mnaelewa, ukimla mtu kila kitu halafu mfalme wake akakosa pa kwenda bila kuwa kwenye cheki, yaani bila kushambuliwa, inakuwa sare. Nikasema akibaki na askari wa kusogeza, hawezi kuponea hapo. Akili nyingi hizo.

Mfalme wangu yuko f6. Natupa jicho kwenye saa, mi sekunde 48, mzee 35. Nashika malkia, namteleza mpaka d7, naachia. Akienda f8 nampa malkia f7, meti, yaani mfalme kanaswa, gemu imekwisha. Akienda h8, malkia g7, meti. Akisogeza kile kiaskari, malkia g7, meti vilevile. Kote kaburi. Mwili ukasisimka, mkono ukaruka, PAAA, nikabonyeza saa.

Ya kulia.

Sasa hapa naomba twende polepole, kwa sababu mi mwenyewe toka jana naipitia hivyohivyo kila nikifumba macho.

Nimebonyeza, nimeegemea kiti. Nimekunja mikono kama wale wa kwenye yutyubu. Moyoni nasema sasa ni muda wa mpinzani, fikiria. Nikafikiria. f8, f7. h8, g7. Nikarudia tena nihakikishe. Hata haikuwa lazima, ila nilikuwa nafurahia, mtu uliyezoea kuwaza kwa pesa yako leo unawaza kwa pesa ya mwingine.

Mzee hachezi. Anautazama ubao, ananitazama mimi, anautazama ubao.

Nikaibia kuangalia saa. Ipi? Hiyohiyo ya kulia. Nikaona upande wa kwangu umesimama tuli, dakika 1 na sekunde 31. Upande wa pili unashuka, 33, 32, 31.

Mtu mwenye akili timamu angejiuliza, we si ulikuwa na sekunde 48? Hii 1:31 imetoka wapi, umerithi? Mi nilichowaza, na naapa, ni "kumbe mazoezi yanalipa."

Nikazidi kulegea kwenye kiti. Mzee akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu, taratibu, kioo cha kwanza, kioo cha pili. Nikamwonea huruma. Nikasema huyu ameshaona meti, anaona aibu kumalizwa na mtoto wa watu, bora aache muda umuishie aondoke na heshima yake. Nikaamua nisimkodolee macho. Nikaangalia feni. Nikaangalia dirishani. Kuna jamaa chini anauza mahindi ya kuchoma, nikapanga kabisa nikitoka nanunua mawili. (Wewe unayepiga skrinishoti kupeleka kule grupu la ofisini, nakuona.)

Ghafla yule kaka wa tai anaruka. "Refa! Refa! Saa yangu inatembea na si zamu yangu! Huyu mtoto hajacheza!"

Na mimi, ndugu yenu, kwa kujiamini kabisa, nikamgeukia nikamwambia, "Kaka samahani, punguza sauti, wengine tunacheza hapa."

Ukumbi mzima ukageuka. Refa akaja. Akamuuliza binti, umebonyeza saa kabla hujacheza? Binti akatikisa kichwa. "Sasa nani kabonyeza?" Binti hakusema neno. Alinyanyua kidole taratibu, kile kidole kidogo kimepakwa hina, kikapita juu ya ubao wake, kikapita juu ya saa, kikatua kwangu.

Nilikuwa bado sijaelewa. Nataka mjue hilo. Nilikuwa nasikitika tu watoto wa siku hizi wanavyosingizia wakubwa.

Ndipo mzee, kwa kidole kimoja, akaisogeza ile saa ya kushoto kidogo imwelekee refa, akasema kwa upole, "Na hapa pia mwalimu, muda umeisha."

Nikaona sufuri. Sufuri tatu zimejipanga. Na mimi, kwa kuwa kichwani mwangu muda uliokuwa unakwisha ni wa mzee, nikasimama, nikamnyooshea mkono, nikamwambia kwa huruma yote, "Pole sana mzee wangu. Umecheza vizuri."

Akaupokea. Akaushika kwa mikono yake yote miwili. "Ahsante mwanangu. Na wewe pole."

Ni pale nilipokiona kitufe cha ile saa ya kushoto, upande wangu, bado kimesimama juu, hakijabonyezwa.

Nikajitetea kidogo, nikasema refa, mzee amebaki na nini sasa, muda ukiisha na mwenzio hana cha kupigia meti si inakuwa sare? Refa akasema ni kweli kabisa, angekuwa na mfalme mtupu ingekuwa sare. Akanionyesha kile kiaskari cha a7. Askari anaweza kufika mwisho akawa malkia, kwa hiyo anahesabika. Kiaskari nilichokiacha kwa akili zangu nyingi. Na malkia wangu pale d7 alikuwa anakitazama uso kwa uso, hakuna hata kete moja katikati, ningekila muda wowote.

Sekunde 48 jamani. Desemba 2022 kule Almaty, Kazakhstan, ubingwa wa dunia wa gemu za haraka, gemu ya dakika tatu na nyongeza ya sekunde mbili, Carlsen alichelewa dakika mbili na nusu, akakuta amebakiwa na sekunde 30 hivi na kete hajagusa hata moja, na bado alishinda. Mi nilikuwa na 48 na meti moja tu ya kuchagua kati ya tatu.

Yaliyofuata mtanisamehe napita haraka. Refa akawarekebishia wale muda wao, akanipa onyo, yule wa tai akapigwa na binti hatua chache mbele na akaniangalia mimi kama ndiye niliyempiga. Nikatoka kununua maji. Mahindi sikununua. Mnafiki wakati huo alikuwa ameshatuma sauti mbili kwenye grupu.

Niliporudi raundi inayofuata ilikuwa imeshabandikwa ukutani. Nikatafuta jina langu, nikaenda kwenye meza niliyopangiwa, nikakuta kiremba cha pinki.

"Shikamoo anko."

"Marahaba."

Akapanga kete zake vizuri, akashusha pumzi, halafu kabla hatujaanza akaisogeza saa mpaka ikagusa ubao kabisa, akaipigapiga juu kwa kile kidole cha hina.

"Anko, ya kwetu ni hii."