Metronomu ya Upande wa Pili wa Ukuta

Kila mwisho wa mwaka sisi wanne huwa tunakaa chini na kuandika malengo. Nasema "sisi wanne" kwa sababu kikundi chetu hakijawahi kupata jina. Tulikubaliana jina litakuja siku tutakapoujua wimbo mmoja mpaka mwisho, na hilo lenyewe limekuwa lengo kwa miaka mitatu sasa. Hakuna anayelipwa. Tunakutana Jumamosi, shughuli zinazotulisha zikiisha, tunapiga, tunalaumiana, tunarudi makwetu.

Utaratibu aliuweka dada wa kinanda: kila mtu aandike malengo yake kwenye karatasi, kisha ampe mwenzake aitunze. Sababu ya kumpa mwenzako ni mimi. Kuna mwaka nilijitunzia mwenyewe, na kufika mwezi wa sita karatasi yangu ilikuwa imekonda kutoka malengo kumi na mawili hadi moja, kununua nyuzi mpya, ambalo nilikuwa nimeshalitimiza. Nyuzi zenyewe bado ziko kwenye pakiti.

Mwaka ninaousimulia nilianza na lengo moja tu, nikidhani nimekua: "Kuwa mpiga gitaa bora."

Dada wa kinanda akaisoma karatasi, akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu. "Bora kuliko nani?"

"Kuliko mimi wa jana."

"Huyo wa jana nilimsikia," akasema. "Tafuta mwingine wa kushindana naye." Akanirudishia karatasi. "Andika kitu ambacho mwezi wa kumi na mbili nikija na saa mkononi naweza kukipima."

Wenzangu hawakupata taabu. Mpiga besi aliandika kwamba atajifunza kusoma nota. (Kufika mwezi wa tatu alikuwa ameshaijua ile mistari mitano, nafasi zilizo kati ya mistari alisema ni za mwaka ujao.) Mpiga dramu aliandika lile analoandika kila mwaka: kupunguza sauti. Akalisoma mbele yetu kwa sauti iliyotikisa glasi.

Mimi nikaandika upya, dada akiwa amenisimamia begani. Dakika ishirini kila siku na metronomu, kile kifaa kinachogonga mapigo sawasawa ili mpigaji asipoteze mwendo. Kuikamata kodi ya F, yaani nyuzi kadhaa zinazolia kwa pamoja, bila uzi hata mmoja kufa. Kuupiga wimbo wetu kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kusimama, mwendo wa mapigo 96 kwa dakika. Na kujirekodi kila wiki, ili nisije nikajidanganya.

Kwa ambaye hajawahi kushika gitaa, niseme kidogo kuhusu F. Kodi nyingi za mwanzo unaweza kuzilipa kwa vidole vitatu ukabaki na chenji. F inadai kidole cha shahada kilale juu ya nyuzi zote sita kwenye freti ya kwanza kabisa, ile nafasi ya mwanzoni mwa shingo, pale ambapo nyuzi zina ukaidi kuliko sehemu nyingine yoyote ya shingo, huku vidole vingine vitatu vikifanya kazi yao kama hakuna kilichotokea. Kidole kina vikunjo, na kikunjo ni laini. Uzi ukiangukia hapo haulii, unakoroma tu. Dawa yake ni kukilaza kidole kidogo upande wake wenye mfupa na kukishusha kidole gumba nyuma ya shingo. Hayo nayajua vizuri sana kwa maneno.

Metronomu nayo ilinikera tangu siku ya kwanza. Niliiweka kwenye simu, nikaanza na 60, yaani pigo moja kila sekunde, nikipanga kupanda nne nne: ngazi tisa tu, 96 hiyo hapo. Siku ya pili nilimpigia simu dada wa kinanda kumweleza kwamba programu yangu ni mbovu. Inakwenda vizuri, lakini ikifika kwenye F inaharakisha.

"Haiharakishi," akasema. "Wewe unasimama kupanga vidole."

Mpiga besi, ambaye hupenda kusoma mambo kuliko kuyafanyia mazoezi, akanipoza kwa historia. Johann Maelzel, aliyeichukulia metronomu hataza, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1815, alikuwa amelibeba wazo la fundi mmoja wa Amsterdam, Dietrich Winkel, aliyetengeneza cha kwake mwaka 1814. Kwa hiyo kifaa kinachotufundisha uaminifu kiliingia duniani kwa mkono mrefu. Habari hiyo ilinifurahisha kwa siku nzima. F haikubadilika.

Sasa tuje kwenye ustaarabu wangu. Muda niliouzoea ni saa tano usiku, na chumba changu kinapakana na cha mzee mmoja, ukuta wenyewe mwembamba kiasi kwamba akipiga chafya namwambia pole. Sikutaka kumsumbua. Kwa hiyo ule mlio wa metronomu, tik, tik, tik, nikauhamishia kwenye spika za masikioni zisizo na waya, asije akausikia. Gitaa nikalipiga waziwazi. Kinachonong'ona nilikificha, kinachopiga kelele nikakiacha kitembee. Sikuliona kosa hilo hata kidogo. Nilijihesabu miongoni mwa majirani wema.

Fikiria alichokuwa anakisikia yule mzee. Hakusikia metronomu. Hakusikia wimbo pia, kwa sababu mazoezi si wimbo: unaichukua ile sehemu mbovu na kuirudia. Alisikia vipigo vinane vitamu, kisha F inakoroma, kisha kimya, kisha mtu anajilaani, kisha vile vipigo vinane tena. Mara ishirini, mara thelathini kwa usiku. Ni kama kulala jirani na mtu anayesimulia hadithi na kila akifika "ndipo simba akafungua mlango" anaanza upya.

Januari ikaenda. Nikafika 64, 68, 72. Ncha za vidole ziliuma, zikachubuka, kisha zikaota sugu, nikawa nazigonga mezani ofisini ili watu waulize. Hawakuuliza.

Katikati ya Februari nilikuwa 76, nimekwama. Jumamosi hiyo dada wa kinanda akaniambia jambo ambalo ndilo lililoniponza. "Wewe unaifukuza metronomu. Usiifukuze. Siku utakapokuwa sawasawa nayo hutaisikia kabisa, kwa sababu nota yako itaangukia juu ya mlio wake na kuufunika. Ukiona imepotea, ujue umefika."

Nililibeba neno hilo mpaka nyumbani kama yai.

Usiku wa Jumanne, saa tano na robo, nikabonyeza kitufe cha kurekodi, nikavaa spika zangu, nikafumba macho. Mapigo 76. Nikaanza. Mistari miwili ya kwanza ikapita. F ikaja, ikapita, sijui kwa uzi gani lakini ikapita. Na hapo, wapendwa, metronomu ikapotea.

Mwili ulinisisimka. Tik zote zimezama ndani ya nota zangu! Nilitaka kulia, lakini nikajikaza maana kulia kunachelewesha. Nikaendelea. Na wakati huo huo nikaanza kuusikia mdundo mwingine, mzito, wa mbali kidogo: du, du, du, du. Mpiga dramu alishawahi kutuambia kwamba mdundo wa kweli hausikiki masikioni, unatoka kifuani. Basi nikajua ndio huo, umetoka kifuani. Hata nikaona ajabu kwamba kifua changu kiko upande wa kushoto wa chumba, lakini si wakati wa kuhoji neema.

Nikafika mahali ambapo sijawahi kufika nikiwa napiga kwa mwendo. Mstari wa tatu. Wa nne. Mdundo ukaanza kuongeza kasi, nami nikaongeza. Niliona ni sawa, wimbo unapanda, hata wakubwa huwa wanachangamka hapo. Du-du-du-du! F ya pili. Du-du-du-du! F ya tatu! Kitikio, na kile kipande cha kumalizia ambacho nilikuwa nakijua kwa kukisikia tu. Nikaipiga kodi ya mwisho kwa mkono wote na kuuinua juu, kama mtu anayewaonyesha watu elfu.

Mdundo ukaendelea.

Nikafumbua macho. Du. Du. Nikavua spika ya sikio moja, kisha ya pili. Taa ndogo nyekundu ilikuwa ikipepesa kuniaga: chaji iliisha zamani. Na ukuta wa kushoto ulikuwa unatikisika, picha niliyoitundika pale imekaa kombo.

Kisha ukanyamaza. Mlango wa jirani ukafunguka. Kandambili zikaja taratibu, mguu mmoja ukilia kofi na mwingine haulii, na mlango wangu ukagongwa. Nilipofungua nikaelewa kwa nini mguu mmoja ulikuwa haulii. Kandambili ya pili alikuwa nayo mkononi, soli imeshika chokaa ya ukuta.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Akatazama gitaa, akanitazama mimi. "Umemaliza?"

"Nimemaliza mzee."

"Leo umefika mwisho."

"Ndiyo."

Akavuta pumzi ndefu. "Tangu mwezi wa kwanza nalala bila kujua unaishaje." Nikadhani anacheka. Hakuwa anacheka. "Mwanangu, na mimi mwaka huu nilijiwekea lengo. Moja tu. Saa nne usiku niwe nimelala."

Nilikosa pa kuiweka mikono. Nikaomba radhi, nikaomba tena, nikamweleza kuhusu spika za masikioni, na nilivyokuwa nikieleza ndipo nikajisikia mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza swali ambalo bado hunijia nikiwa naoga: "Kwa hiyo ulichokuwa unanifichia ni saa?"

Tulikubaliana palepale mlangoni: kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa moja, nipige nitakavyo, baada ya hapo gitaa lilale. Aligeuka kuondoka, akasimama.

"Ila pale kuelekea mwishoni unakimbia."

"Mzee, hapo ni wewe uliyekimbia. Mimi nilikuwa nakufuata."

"Mimi nilikuwa nimekasirika," akasema. "Wewe ulikuwa na nini?"

Sikuwa na jibu, na hata sasa sina.

Jumamosi nikawapelekea wenzangu rekodi. Sikusema neno juu ya ukuta. Nilitaka waisikie kwa masikio safi, wimbo mzima, mwanzo hadi mwisho, bila kusimama. Simu ikawekwa juu ya kinanda. Mpiga besi akafumba macho. Dada akafungua programu yake ya metronomu na, kwa kidole kimoja, akawa anagonga kioo kufuatisha mapigo, maana ukigonga hivyo inakuandikia mwendo. Namba zikawa zinapanda: 76, 79, 85. Kwenye kitikio ikasoma 97 na nyusi zake zikapanda pamoja nayo. Kodi ya mwisho ilipigwa kwenye 104.

"Lengo lilikuwa 96," nikasema haraka. "Nimelipita."

"Ulilipita njiani, kama basi linavyopita kituo," akasema. "Na F zote tatu uzi wa pili umekufa. Sikiliza." Akairudisha nyuma. Kweli, marehemu alikuwa mmoja yuleyule.

Akaichukua karatasi yangu, maana ndiye anayeitunza, akapitia mistari. Dakika ishirini kila siku, sawa. Kujirekodi, sawa. Kwenye F akaacha wazi. Kwenye wimbo mzima akasita, akaandika kwa penseli: "Amefika, akiwa amekokotwa."

Kisha akauliza, "Lakini nani huyu anayepiga ngoma?"

Nikawaeleza. Nilitegemea wacheke, na mpiga besi alicheka hadi akaegemea ukuta, kisha akajitoa ukutani kwa haraka akacheka upya. Dada wa kinanda yeye hakucheka. Aliirudisha rekodi mwanzoni, akaipeleka sikioni, akasikiliza mistari ile miwili kabla hasira haijapanda.

"Ana mkono mzuri," akasema. "Anapiga pale pale, hajipambi. Na angalia, hazibi gitaa." Akaishusha simu. "Huyo mzee Jumamosi huwa na nafasi?"

Kimya kikapita. Sote tukajikuta hatumwangalii mpiga dramu, ambaye alikuwa ameanza kukaza skrubu fulani isiyohitaji kukazwa.

Mzee nilimuuliza, kwa heshima zote. Akasema Jumamosi hulala mchana, kufidia Januari.

Lakini hilo mpiga dramu sikumwambia mapema. Jumamosi iliyofuata alikuja wa kwanza, ameacha zile fimbo nene nyumbani, na akapiga kwa upole hivi kwamba katikati ya wimbo mpiga besi alisimamisha kila kitu kumuuliza kama anaumwa.