Gari Nisilokuwa Nalo Limepata Pa Kulala

Kodi imepanda tena. Sitaeleza, mnajua. Barua ilipitishwa chini ya mlango usiku, maana habari njema tu ndizo hupigiwa hodi. Lakini safari hii kilichonitoa roho si kiasi, ni sababu: "maboresho ya maegesho." Maboresho yenyewe ni mtu aliyekuja na kopo la rangi nyeupe akapitia ile mistari iliyofifia. Basi. Na mimi sina gari. Sijawahi kuwa nalo. Nina viatu, na kimoja kinaingiza maji.

Nikashuka ofisini kwa msimamizi wa jengo, kwa heshima zangu zote, nimechomekea.

"Mama, naomba nirudishe egesho. Silitumii. Mpeni mwenye shida nalo, mnipunguzie kodi."

Akanitazama kwa ile huruma wanayotazamwa watu wanaoanza kuchanganyikiwa. "Baba, egesho halirudishwi. Limo humo humo ndani ya kodi. Sheria ya jiji inataka kila nyumba iwe na egesho moja na nusu."

Na nusu! Nikabaki nimesimama naiwaza hiyo nusu. Ni ya mbele au ya nyuma? Nani anachukua usukani, nani anabaki na buti? Mama akasema ni hesabu ya jengo zima, nisijitie wazimu. Sawa. Nikauliza tu, kwa nia njema, sheria inayonihakikishia mimi binadamu chumba kimoja na nusu iko kifungu cha ngapi. Akanipa fomu ya malalamiko.

Sasa tuhesabiane. Egesho la kawaida ni kiasi cha mita 2.5 kwa 5. Ongeza njia ya kuingilia na nafasi ya kugeuzia, gari moja linakula mita za mraba 25 mpaka 30. Chumba changu na kile wanachokiita sebule havifiki huko, hata nikitoa kabati. Yaani gari ambalo halijazaliwa linaishi vizuri kuliko mimi, na anayelilipia kodi ni mimi. Yakiwekwa chini ya ardhi ndiyo usiseme: kuchimba, kumwaga zege, kuvuta maji, feni za kutoa moshi, taa zinazowaka usiku kucha zikiumulika utupu. Mjenzi halipi hayo kutoka mfukoni kwake. Gharama inapanda ngazi, ghorofa kwa ghorofa, mpaka inafika kwangu.

Basi Jumamosi nikaamua kuishi kama mtu mwenye haki zake. Nimelipia egesho, nitaegesha. Nikashusha kiti, meza ndogo, redio na mwavuli. Nikajipanga katikati ya mistari mipya, mgongo ukutani, uso njiani, yaani nimeingia kinyumenyume kistaarabu. Nikafungua gazeti.

Mlinzi alifika kabla sijamaliza ukurasa wa kwanza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, kuna tatizo?"

"Hakuna. Nimeegesha."

Akanizunguka. Kweli kabisa, alinizunguka, upande huu akatokea upande ule, nadhani alikuwa anatafuta namba za usajili. Halafu akasimama mbele yangu, mikono nyuma.

"Mzee wangu, hapa ni pa gari."

"Hapa ni pangu. Risiti hii hapa. Soma mstari wa tatu."

Akasoma. Kijana ana malezi, aliisoma mbele akaigeuza akasoma na nyuma pasipoandikwa kitu. "Imeandikwa egesho, mzee."

"Imeandikwa gari?"

"Haikuandikwa. Ila inaeleweka."

"Na nani?"

Akaomba ruhusa asogee pembeni apige simu. Nikamsikia. "Bosi, kuna mzee ameegesha huku chini... Hapana, bila gari... Hapana, yeye mwenyewe." Kimya kirefu. "Na redio."

Mama msimamizi akateremka. Nyuma yake akaja, bila kualikwa, jirani wa ghorofa ya pili, yule mwenye magari matatu. Moja linatembea. Moja linasubiri spea. La tatu limefunikwa turubai tangu sijahamia, na hakuna mtoto katika jengo hili aliyewahi kuliona uso. Jirani akaliangalia egesho langu kama fundi cherehani anavyomwangalia mteja mnene.

"Jirani, kama hulitumii..."

"Nalitumia, jirani. Unaniona."

Mama akatoa kitabu cha kanuni. Kwa mujibu wa kanuni, akasema, egesho ni kwa chombo cha usafiri kinachotembea. Nikauliza, la kwenye turubai linatembea? Jirani akakohoa. Akasema gari lile lina historia. Nikamjibu hata mimi nina historia, na tena natoka hapa kila asubuhi saa kumi na moja na nusu narudi giza limeingia. Kwa kutembea hakuna chombo humu kinachonifikia. Nikaona huu ndio wakati wa kuonyesha kwamba nasoma. Nikawaambia kuna profesa wa Chuo Kikuu cha California kule Los Angeles, Donald Shoup, aliyejitolea maisha yake kuchunguza maegesho, na akasema gari la kawaida hukaa limesimama asilimia 95 ya wakati wake. Asilimia 95! Nyie mnamjua mfanyakazi anayekaa hivyo na bado anajengewa nyumba?

"Huyo profesa anaishi jengo hili?" mama akauliza.

"Alifariki mwaka 2025, mama."

"Mungu amrehemu. Toa kiti."

Sikutoa. Watu wakaanza kujaa, maana Jumamosi haina kazi. Bibi wa ghorofa ya nne, ambaye hajawahi kushika usukani wa kitu chochote, akauliza hivi kila mtu analo? Akaambiwa ndiyo, lake ni namba 31. Mwanamke yule amelilipia miaka yote bila kujua. Akaenda kulitazama, taratibu, akalipima kwa hatua zake, akarudi.

"Ni kubwa," akasema.

Akasimama hapo akifikiri. Halafu akamwita mjukuu alete cherehani. Mwingine akauliza yeye anaruhusiwa kuanika. Kijana wa ghorofa ya tano, anayelala sebuleni kwa kaka yake pamoja na baiskeli ya kaka yake, hakusema kitu, ila nilimwona anahesabu hatua toka nguzo hadi nguzo, na akaangalia juu kuona kama paa lavuja. Hapo mama akaona mambo yanaelekea pabaya. Akamwamuru mlinzi atoe mnyororo, ule wa kufungia magurudumu. Kijana akasitasita, akaniomba radhi, akapiga magoti akafunga mguu wa kiti. Nami nimo.

Faini yake imeandikwa kwa jina la kiti.

Sasa mtu ataniambia peleka hoja zako kunakohusika. Nilipeleka! Halmashauri iliitisha mkutano wa wananchi kujadili mambo haya haya: sharti la maegesho lifutwe au libaki, na ile mitaa inayoruhusiwa nyumba moja tu kila kiwanja iruhusiwe ghorofa nne. Nilivaa vizuri. Ukumbi ulijaa watu wenye nyumba, na kila aliyesimama alianza kwa kusema hapingi nyumba za bei nafuu. Hapingi hata kidogo. Anaunga mkono. Ila si pale. Mmoja alisema ghorofa nne zitamnyima jua mti wake. Wa pili akasema sura ya mtaa itaharibika. Huo mtaa naupita kila siku, na sura yake ni kuta ndefu na mbwa.

Afisa mipango miji alikuwa kijana mdogo mwenye ramani nyingi. Akaeleza masharti haya yalikotoka. Jiji la Columbus, Ohio, lilianza mwaka 1923 kudai maegesho kwenye majengo ya kupangisha. Fresno, California, ikaongeza hoteli na hospitali mwaka 1939. Halafu jiji hili likanakili lile, namba zikasafiri dunia nzima bila mtu kuziuliza zilipimwa wapi. Kumbe nusu gari yangu ni ya kunakili! Akasema Buffalo, huko huko Marekani, ilifuta masharti hayo jiji zima mwaka 2017, na mwaka huo huo Mexico City ikageuza kibao: badala ya kumlazimisha mjenzi asijenge pungufu ya maegesho kadhaa, ikamwambia asizidishe. Auckland, Nyuzilandi, mwaka 2016 iliruhusu nyumba za kubanana na maghorofa katika sehemu kubwa ya mitaa yake, na ujenzi ukapanda. Watu hawakuhama kwa hasira wakaishi baharini.

Mzee wa mti akasema hao ni hao.

Akasimama mama mmoja aliyetaka kodi ifungwe, isipande kabisa. Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma. Kijana wa ramani akasema Berlin ilifunga mwaka 2020, na Aprili 2021 mahakama ya katiba ya Ujerumani ikaitupa ile sheria kwa kuwa jiji halikuwa na mamlaka nayo. Kwa muda iliodumu, waliokwisha panga walishukuru, na waliokuwa wakitafuta walikuta matangazo yamepungua. Nikaendelea kupiga makofi. Mimi nimekwisha panga. Huo ndio ukweli wa siasa za nyumba, kila mtu hupigania mlango alioingilia, na mwenye mti tofauti yake na mimi ni mti.

Ndipo mtu akataja Vienna, mji mkuu wa Austria, na ukumbi mzima ukashusha pumzi. Karibu nusu ya wakazi kule wanaishi kwenye nyumba za jiji au zilizojengwa kwa ruzuku. Lipo jengo linaitwa Karl-Marx-Hof, la mwaka 1930, lina urefu unaozidi kilomita moja. Kilomita moja ya vyumba vya watu! Mzee wa mti akanyoosha mkono akauliza maegesho yake yako upande gani.

Mwishoni nikapewa dakika zangu. Nilikuwa nimeandaa hotuba yenye sehemu tatu. Nikaanza na Japani, ambako tangu sheria ya 1962 mwenye gari anatakiwa aonyeshe kwanza ana mahali pa kuliweka: wewe unayetaka gari ndiwe utafute egesho, siyo mimi nisiyelitaka nikutafutie. Hapo nikamtazama jirani, naye akatazama dari. Kabla sijaingia sehemu ya pili, diwani akashukuru mchango wangu mzuri, akapendekeza iundwe kamati. Kamati itachunguza. Itatembelea miji mingine. Tokyo ikatajwa kwa sauti ya juu kidogo. Vienna nayo, majira ya joto.

Tukafunga.

Na sasa niambieni nani alichagua ukumbi ule. Mkutano wa kujadili watu wasio na magari wameuweka nje kabisa ya mji, mwaliko umeandikwa kwa herufi nene "maegesho yapo ya kutosha, bure," na basi la mwisho limeondoka mtu wa mti akiwa bado kwenye utangulizi. Uwanja wa maegesho pale ungebeba jengo letu lote na cherehani ya bibi. Nikawa nimesimama getini na hotuba yangu mkononi, sehemu mbili hazijatumika.

Aliyesimama kunipakia ni jirani. Lile linalotembea. Ningekataa, lakini nimewaambia habari za kiatu, na mvua ilikuwa imeanza. Tukaingia kwenye foleni, maana magari yote yaliyopata nafasi ya kutosha yalikuwa yanatoka kwa geti moja. Hatusogei. Jirani hakugusia Japani hata kidogo, muungwana. Akaanza kunieleza kuhusu lile la spea. Kumbe tatizo si spea. Spea ilifika zamani. Tatizo ni fundi. Fundi alilifungua, akatoa vitu akavipanga chini kwa mstari, akasema kesho. Kesho yake akaja kuchukua jeki. Keshokutwa akaja kuchukua betri, eti akaichaji. Sasa hapokei simu, na jirani ana hakika betri yake iko kwenye gari la mtu mwingine.

"Huyo fundi mfupi? Anayekaza maneno?"

"Huyo huyo! Unamjua?"

Namjua? Jamani, mtu yule ndiye aliyekuja kuniwekea bomba la jikoni. Akalegeza, maji yakaruka mpaka dari, akasema nishike hapa kwa kidole mara moja, anakwenda kutafuta ringi. Nimeshika. Nasikia ngazi zinashuka. Nasikia pikipiki inawashwa...