Marehemu Nanihii na wenzake, 2002

Haya, naongea. Nilipanga nikae kimya mpaka mambo yapoe ila kuna mshikaji wangu (mwenyewe anajijua, na hela yangu ya chipsi bado hajarudisha) ameshasambaza voisi noti ya dakika sita kwenye magrupu matatu, na humo ndani mimi nimelia, nimezimia, nikamwagiwa maji na mhudumu. Sijalia. Sijazimia. Maji niliomba mwenyewe kwa mdomo wangu.

Ilikuwa juzi Alhamisi, prezentesheni ya litricha rivyu yangu ya masta, saikolojia. Kwa wageni humu, hii kazi huendi fildi, humhoji mtu, unasoma tu tafiti za wenzako unazichuja halafu unasema zinasemaje kwa pamoja. Watu wanaiona mteremko. Mteremko gani jamani, unaandika maneno mawili kwenye PsycINFO (ile hazina ya mtandaoni ya makala za saikolojia) zinakumwagikia makala mia na mia, unaanza kutupa, hii ya panya tupa, hii imejirudia tupa, hii Kijerumani tupa, hii inalipiwa dola na mimi bando lenyewe la kuungaunga, tupa, unatupa mpaka macho yanakuwa mekundu na mama mwenye nyumba anaanza kuulizia unavuta nini.

Mada yangu sasa, na hapa ndio naona kabisa nilichorwa, ilikuwa kumbukumbu za uongo. Yaani mtu anavyokumbuka kitu ambacho hakijawahi kutokea na anakuapia. Kuna mama anaitwa Elizabeth Loftus, mwaka 1974 yeye na mwenzake Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu za ajali za magari, halafu wengine wakaulizwa magari yalikuwa spidi gani yalipogusana, wengine yalipobamizana. Wa kugusana wakataja kama maili 32 kwa saa, wa kubamizana karibu 41. Filamu zilezile! Neno moja tu limekanyaga mafuta. Wakarudia na watu wengine, wakawaacha wiki nzima ndio wakawauliza kama waliona vioo vimevunjika, wa kubamizana ndio waliosema ndiyo kwa wingi kuliko wenzao, na hakukuwa na kioo hata kipande. (Nyie mashahidi wa ajali za bodaboda mnaosemaga "ilikuwa mia na ishirini", nawaangalia tu.)

Ila utafiti nilioupenda kuliko yote ni ule wa puto. Wanachukua picha yako ya utotoni wanaichomeka kwenye picha ya puto kubwa lile linalopaa na watu, wanakuambia enhee, hebu tusimulie hii siku. Hujawahi kupanda puto wewe. Watu 20, nusu yao mpaka wanamaliza kuhojiwa mara ya tatu walikuwa wanaikumbuka safari, wengine na maelezo juu. Nikasema huu lazima uingie.

Saa nane za usiku naandika hiyo aya, jina la mtafiti limenitoka, nimefungua tabu sitini kwenye brauza, betri ya leptopu imebaki asilimia nne na umeme umekatika tangu saa tatu. Nikaandika kama ninavyoongeaga: (Nanihii et al., 2002), yaani Nanihii na wenzake. Nikasema kesho nitarekebisha. Betri ikakata.

Sikurekebisha. Na supavaiza wangu hiyo aya hakuiona kwa sababu niliiongeza mwishoni, na aliyeipitia neno kwa neno ni huyuhuyu mshikaji wa voisi noti, akanirudishia na meseji "iko poa sana kaka, hamna kosa". Wekeni hiyo akilini.

Sasa tuingie chumbani. Mbele yangu wamekaa Profesa mmoja mtu mzima wa miwani, Dokta mmoja wa kike, supavaiza wangu, na mgeni, mama Mswidi aliyekuja kwa muda, Kiswahili anajua asante na pole. Slaidi zinaenda, nimevaa shati la kaka, nimepiga msuli wiki mbili, najiamini mpaka mkono mmoja nimeuweka mfukoni. Nafika kwenye puto. Mama Mswidi ananyanyua kalamu taratibu.

Anasema, kwa Kiingereza chake cha upole, samahani, hii mada nimeifanyia kazi miaka mingi lakini huyu mtafiti simfahamu. Huyu, na akaelekeza kalamu ukutani, akasoma kwa heshima zote za kitaaluma: "Na-ni-hii-i."

Ndugu zangu. Nikageuka kuangalia ukutani. Lile neno lilikuwa limekaa pale na projekta limelivimbisha, herufi N saizi ya mlango. Nikasikia feni. Nikasikia mtu anauza maji ya kandoro huko nje ya geti. Profesa akavua miwani akaanza kuifuta, na haikuwa na vumbi. Dokta akainamisha uso kwenye faili. Supavaiza wangu aliniangalia kama mtu ambaye mbuzi wake kaonekana kwenye shamba la mwenyekiti wa kijiji.

Hapo kulikuwa na njia. "Samahani, nilikosea kuandika." Maneno matatu! Mtoto wa darasa la pili anayajua! Lakini mdomo wangu ulishaondoka bila mimi, nikausikia unasema, "Ni mtafiti wa Finland."

Sijui Finland imetoka wapi. Nadhani ni zile i mbili.

Mama akang'aa uso mzima. Finland! Si hapo tu jirani na kwetu, chuo gani? Nikasema Helsinki maana mji mwingine wa Finland siujui mpaka leo. Akasema ajabu kweli, Helsinki ana rafiki zake wengi wa saikolojia na hawajawahi kumtajia, basi nimpe imeili yake amwandikie leo leo. Akafungua daftari. Akashika kalamu. Akasubiri.

Mkono ulishatoka mfukoni zamani. Jasho linashuka mgongoni naliona kabisa, linafika kwenye mkanda linasimama kidogo kama lina foleni ya Ubungo, linaendelea. Nikamuangalia yule mama machoni, nikasema kwa sauti ya chini:

"Kwa bahati mbaya, amefariki."

Mama akaweka kalamu chini. Akaweka mkono kifuani. Akasema lile neno lake la Kiswahili: "Pole." Na mimi, wadau, nikaitikia asante.

Ndipo Profesa akavaa miwani yake, akaegemea kiti, akaongea Kiswahili kwa mara ya kwanza siku hiyo nzima: "Pole sana kijana. Msiba uko wapi?"

Nikajibu! Sijui ni malezi, sijui ni nini, mtu mzima akikuuliza msiba unajibu. Nikasema, "Shikamoo Prof, tumeshazika."

Dokta akatoka nje. Hakuaga. Tulimsikia kwenye korido.

Profesa akatikisa kichwa kwa huzuni, akaangalia tena ukutani, "Na hawa wenzake wanaendeleaje? Maana umeandika et al."

Hapo ndipo nilipoomba maji.

Yaliyobaki ni mafupi. Profesa akamfafanulia mgeni nanihii maana yake nini, mama akacheka mpaka akafuta macho, akaandika kwenye daftari, halafu akaniuliza taratibu kama najua mtu anapojaza pengo la kumbukumbu kwa kubuni bila kusita kitu hicho kinaitwaje. Najua. Nimekiandikia kurasa nne. Wakanipa masahihisho na wiki tatu, supavaiza simu alipokea jana, na mtafiti mwenyewe kumbe ni Kimberley Wade na wenzake, utafiti wa New Zealand, yaani hata upande wa dunia nilikosa. Naomba radhi kwa familia. Kwenye fomu ya marekebisho namba moja imeandikwa kwa mkono, "Marehemu aondolewe." Darasani sasa hivi naitwa Et Al.

Mshikaji nikamuuliza, wewe si ulipitia hii kazi neno kwa neno? Akasema aliliona, akajua ni Mjapani.

Sasa kinachonitisha. Leo asubuhi nimekutana na dada mmoja tunasoma naye, alikuwa amekaa siti za nyuma siku ile, alikuwepo kwa macho yake. Ananipa pole, ananiambia alivyoogopa nilivyodondoka. Nikamwambia sikudondoka. Akasema ulidondoka, upande wa kushoto, ukamwagiwa maji. Namuuliza umesikia ile voisi noti? Anasema ndio lakini mimi nilikuwepo.

Nimerudi geto nimekaa kitandani najaribu kuikumbuka ile siku vizuri, na wallahi kama naanza kuyasikia maji ya baridi yanaingia kwenye kola.