Marshall alifungwa, ufunguzi wake haukufungwa

Kila nikiupanga upya ubaoni ule mchezo wa sataranji wa mabingwa Capablanca na Marshall, New York, Oktoba 1918, mkono wangu husita kwenye hatua ya 8. Capablanca, mwenye kete nyeupe, ameanza kwa ufunguzi uitwao Kihispania, kwa utulivu wake. Askofu amekimbilia b3 (herufi na namba hutaja kiraba cha ubao), mfalme kashahamia pembeni, askari kasogea c3. Hapo Marshall anamsukuma askari wake d5 na kumwacha yule wa e5 aliwe bure.

Wapo wanaosema alikuwa ameificha hatua hiyo miaka mingi akimvizia Capablanca, aliyemtandika michezo 8 kwa 1 mwaka 1909. Mimi siiamini hadithi hiyo, na naona inamnyima Marshall haki yake: inamfanya mtu wa kisasi, na wazo lake zuri linaonekana mtego tu.

Capablanca akamla askari, akijua kinachomngoja. Hatua ya 15, farasi mweusi akajitosa f2. Mkono wa wengi wetu ungemla hapo hapo kwa malkia, na hilo lingekuwa kosa kubwa: askofu mweusi angemtishia mfalme (kutoa shaha) toka h2, akarudi g3, malkia akabaki hana raha. Capablanca akasogeza ngome e2, basi. Kisha mfalme wake akatembea chini ya mashambulizi, f1, e2, d3, hadi c2, huku ngome na farasi wa upande wa malkia hawajanyanyua mguu. Alishinda kwa hatua 36. Ulinzi ule nauheshimu sana.

Lakini vitabu vinavyomsifu Capablanca peke yake vinanikera. Kosa la Marshall halikuwa d5. Lilikuwa kumrudisha farasi f6 kwenye hatua ya 11. Weusi walipoanza kumwimarisha farasi palepale katikati kwa askari wa c6, shambulio likapata uti wa mgongo. Bingwa Spassky alilitumia dhidi ya bingwa mwenzake Tal mwaka 1965, wakiwania nafasi ya kumkabili bingwa wa dunia, na Aronian, mchezaji mashuhuri wa zama zetu, amelifanya silaha yake ya miaka mingi.

Tazama michezo ya mabingwa wa leo inayoanza kwa Kihispania. Mara nyingi weupe wakifika hatua ya 8 hawathubutu c3. Wanacheza h3 au a4, wasikutane na askari wa Marshall.